Chupa ya Bakhita

Jaji alipomaliza kusoma, wakili Nafuna alimkumbatia Mastula pale pale kwenye baraza ya mahakama, mjini Jinja. "Mama, tumeshinda!" Wanawake waliomsindikiza kutoka Walukuba wakapiga vigelegele. Mastula alitaka kushangilia nao, lakini mtu hushangilia akijua alichopata. Ushindi gani huu, wa kurudishwa kwenye mlango ule ule uliokufukuza?

Maana alichosema jaji ni hiki: ofisi ya usajili ilikosea kumpa Geresom wa Mbale alama ya biashara ya "Mafuta ya Bakhita" bila kumsikiliza Mastula, basi shauri lirudi ofisini, lisikilizwe upya. Jina ni la nani, hakusema. Na mpaka ofisi iamue, Mastula asilibandike kwenye chupa hata moja. Jina la bibi yake mwenyewe! Bakhita, mama wa Kinubi aliyechemsha simsim na karafuu, akapaka maharusi wa mji mzima. Geresom alikuwa mchuuzi tu, akichukua mafuta kwa Mastula kwenda kuyauza sokoni Nakaloke, akimwita "mama" kila neno la pili. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Safari hii watakusikiliza," Nafuna alisema, "lakini maneno matupu hawayataki. Nitafutie chupa moja yenye karatasi yako ya zamani, ile yenye jina na mwaka wa kuchapwa, wa kabla Geresom hajajisajili."

Chupa moja tu! Lakini angeipata wapi? Mafuta yale huuzwa, chupa haiuzwi. Mteja akimaliza huirudisha ijazwe tena. Na kwao Wanubi chombo cha mtu hakirudi kichafu wala kitupu. Huloekwa maji ya moto, karatasi ikabanduliwa, gundi ikasuguliwa kwa majivu, kisha kikatiwa chochote ndani. Ndivyo Bakhita alivyomlea, ndivyo naye alivyowazoeza wateja. Miaka yote hiyo ushahidi wake ulikuwa ukimwagwa pamoja na maji ya kuoshea, naye akisema asante. Mchapaji aliyemtengenezea karatasi zile alikwisha kufa, na duka lake sasa linakaanga chipsi.

Alipiga simu kwa kila aliyemkumbuka. Wote walikuwa watu wenye adabu, wote walikwisha kuosha. Mwishowe akampigia Nusifa, kizee aliyekuwa shoga yake Bakhita, anayeishi Mbale.

"Iko!" Nusifa alipaza sauti. "Moja nilisahau nyuma ya kabati tangu arusi ya mjukuu yangu Shamira. Karatasi iko, jina ya Bakhita naona hapa."

Mastula alilia kwa furaha. "Habuba, kesho nakuja kuchukua!" Habuba ndiyo bibi kwa Kinubi. Simu ya Nusifa ni ya tochi, haipigi picha. Na furaha ikijaa kifuani, la maana husahaulika.

Kesho yake Nusifa alimpokea kwa chai, akamwekea sinia lililofunikwa kawa la rangi rangi. Mastula akafunua. Chupa iling'aa, safi kabisa, imejaa karanga za kukaanga.

"Habuba, karatasi iko wapi?"

"Wacha tu! Ilikataa kutoka. Mimi nasugua mpaka vidole inauma." Kizee alionyesha vidole vyake, akacheka. "Wewe unatoka Jinja yote, nikupe chupa chafu? Bakhita angenicheka huko aliko."

Mastula aliigeuza chupa huku na huku, akitafuta japo baki la gundi la ukubwa wa ukucha. Hakuna. Angemgombeza nani? Jana kwenye simu yeye mwenyewe hakusema kwamba alichotaka ni karatasi, si chupa. Machozi yakamtoka, na Nusifa, akidhani ni kumbukumbu za marehemu, akampapasa mgongo.

"Itakusaidia, binti yangu?"

"Itanisaidia, Habuba. Asante."

Akatia karanga moja mdomoni, akaitafuna, maana chombo kikija na kitu sharti uonje mbele ya aliyekupa.