Mafuta ya Kurudia

Saa tisa alasiri, umeme uliporudi Murara, mtaani kwao Goma, Kasereka alifuta vumbi la volkano kwenye kompyuta, akaendelea kupanga safari ya kwenda sayari nyekundu na kurudi. Ulikuwa mchezo ulioachwa na mpangaji aliyekimbia vita: unaunda roketi, unairusha, unatua, na ukijaliwa unarudi. Kutua, alishatua mara sita. Kurudi, hata mara moja.

Kwa dereva wa lori aliyekula miaka ishirini kati ya Goma na Butembo, hiyo ilikuwa aibu tupu. Madereva wa njia ile hupima kwanza mafuta ya kurudia, hufunga kidumu nyuma ya kiti, na hawakigusi hata gari likikohoa. Akachukua kipande cha katoni ya sabuni, akapiga hesabu upya kuanzia mwisho. Akaweka viti viwili.

Kiti cha pili kilikuwa cha mkewe, Masika. Alikwenda Butembo kumzika mama yake, waasi wakafunga barabara nyuma yake, na huu ulikuwa mwezi wa kumi na nne. Lori lilikuwa limeota majani uani. Kasereka alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hasira ilimwisha. Njia ya kupitia kwenye sayari ndiyo pekee iliyobaki wazi, basi akampigia simu.

"Mama Florent, jeudi saa tisa utoke ku mulango na sweta. Kule kuko baridi."

"Niko na maharagi kilo kumi, Papa Florent."

"Leta tano. Uzito utatuangusha."

Alhamisi alitua taratibu. Alipofungua mlango wa roketi, viatu vyake vilizama kwenye mchanga mwekundu. Masika, aliyetoka tu mlangoni kwao Butembo, alikuwa ameketi juu ya begi lake, amekonda. Walishikana mikono muda mrefu, Kasereka akalia kidogo, kisha akabeba maharage.

Mbele ya roketi palikuwa na kamba imevutwa kati ya mawe mawili. Miaka ishirini barabarani hakuwahi kusahau kuhesabu kamba za vizuizi, maana kila moja hudai chake. Safari hii alidhani huko juu hakuna serikali wala waasi. Wanaume wawili wenye bunduki na buti za mvua walinyonya tangi kwa mpira, polepole, bila ubaya wowote.

"Tunakuachia ya mutu moja, muzee," mmoja alisema.

Kasereka alimpandisha mkewe, akamwonyesha kitufe, akamfunga mkanda. Masika aliteta mpaka mlango ulipofungwa.

Baada ya saa mbili simu iliita.

"Nimefika. Sufuria yote uliacha chafu. Niko mbele ya mashine, na katoni yako. Niandike mafuta mara ngapi?"

"Tatu. Ya kurudia, ya kwendea, na ya kamba."

Kasereka alikuwa ameketi juu ya begi. Hatua kumi nyuma ya kamba ya kwanza, wale wanaume walikuwa wakifunga ya pili.

"Andika ine," alisema.