Mieleka ya Mzee Geti

Mgeni alibisha hodi nikiwa nimepiga magoti nyuma ya tivii ya kichogo, napuliza vumbi kwenye waya. Baba alikuwa uani akianua nguo. Nilifungua mlango nikakuta mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa, miwani ya jua ameipandisha kichwani.

"Samahani dada. Fundi redio wa njia panda kaniambia ile gemu ya mieleka ya zamani iko hapa."

Fundi redio ni mjomba wangu, na mdomo wake haujawahi kuwa na kifuniko.

"Ipo. Kwani vipi?"

"Ilikuwa yangu. Tulipohama, nyumbani wakaitupa kwa fundi." Akacheka.

Kicheko kile kilianzia puani kwanza, ndipo kikapasuka. Nilikitambua kabla sijaitambua sura. Alikuwa Kapteni, nahodha wa timu ya shule, yule ambaye walimu wenyewe walicheka alipotania. Yeye hakunikumbuka. Nilikuwa binti wa mlinzi wa geti tu.

"Shida yangu ni memori kadi," aliendelea. "Jumamosi tunakutana wenzangu wa darasa. Humo ndani kuna mwanamieleka nilimtengeneza mwenyewe, anaitwa Mzee Geti. Koti la bluu, kofia, mguu mmoja anauburuta. Dada, ukimwona utacheka mpaka mbavu ziume! Tulikuwa tunashindana nani atamgaragaza haraka zaidi."

Nilishika fremu ya mlango.

Mzee Geti nilimjua kabla sijamwona kwenye kioo. Nilimjua kutoka korido za shule, wavulana wakipita wakichechemea, Kapteni mbele. Asubuhi walichechemea hivyo hivyo nyuma ya baba yangu alipokwenda kufungua geti. Baba hakuwahi kugeuka. Mimi niligeuka kila siku.

Halafu mjomba akatuletea ile mashine nyumbani, mimi nikaiwasha, nikamkuta humo baba yangu, amewekwa apigwe. Kabla sijaizima, baba akaingia. Alitazama kioo. Akatazama koti, kofia, mguu. Kisha akajipiga paja.

"Ha! Si mimi huyu? Wanafunzi wameniweka kwenye gemu!"

Akaita majirani waje waone. Mpaka leo anaamini ilikuwa heshima, na mimi sikuwahi kumwambia vinginevyo. Ila Kapteni nilimweka moyoni, nikamhifadhi kama kaa la moto chini ya majivu. Kila nilipocheza, nilicheza na Mzee Geti, na kila niliyempiga alikuwa na uso wa Kapteni.

Ningeweza kumwambia kadi haitoki, nikafunga mlango. Lakini mtu kama huyo ukimfungia mlango anaondoka vilevile alivyokuja.

"Tucheze," nilisema. "Ukinishinda, chukua kadi. Nikikushinda, kadi inabaki, na wewe unatoka hapa mpaka barabarani ukichechemea. Kama ulivyokuwa ukichechemea nyuma ya mlinzi."

Kicheko kikakatika. Akanitazama upya, kuanzia miguuni.

"Wewe ni..."

"Binti yake. Unaingia, au unaogopa?"

"Dada, yale yalikuwa mambo ya utoto."

"Na ya Jumamosi ni mambo ya nini?"

Majivuno hayakumruhusu kuondoka. Akavua viatu, akaingia, akachukua pedi ya kuchezea.

"Unacheza na nani?"

"Na Mzee Geti."

"Acha masihara. Huyo nilimteremshia kila kitu. Nguvu, kasi, pumzi, vyote viko chini kabisa."

"Najua."

Baba akaingia na beseni la nguo, anaburuta mguu wake. Kapteni akasimama. "Shikamoo mzee," alisema, na sauti ilikuwa imepungua.

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana."

"Baba," nikasema, nikimtazama Kapteni machoni, "huyu ndiye aliyekutengeneza kwenye gemu."

Beseni liliwekwa chini kwa kishindo. Baba akaushika mkono wa mgeni kwa mikono yake yote miwili. "Kumbe ni wewe! Mimi nimekuombea heri bila kukujua. Siku nastaafu, wakubwa waliniaga kwa soda ya moto. Wewe mtoto ukanikumbuka mpaka kofia! Hata mguu umeupatia!"

Kapteni aliangalia sakafu. Masikio yake yalikuwa yamewiva. Ilikuwa tamu kuliko nilivyowahi kuota. Haikunitosha.

"Ngoja niwatilie chai," baba akasema, kisha akanigeukia. "Mama, mwisho ni wangu, eh? Juzi ulimaliza bila mimi."

Vidole vya baba havikimbii tena. Siku hizi mapambano huniachia mimi, yeye hupokea pedi wakati wa kumlalia mpinzani na kusikiliza refa akihesabu mpaka tatu. Ndiyo raha yake.

"Ni wako, baba."

"Niahidi."

"Naahidi," nilisema, mawazo yangu yakiwa tayari ulingoni.

Kapteni alichagua jitu moja lenye mabega kama milango. Kengele ikalia. Jitu likanijia, likamwinua Mzee Geti, likambwaga. Likamwinua tena. Nilisikia kile kicheko kinaanza kunusa njia ya kurudi.

"Sogea basi! Au mguu umekufa ganzi?"

"Mlinzi hamfuati mtu. Nakusubiri getini."

Nikamrudisha mzee wangu kwenye kamba, akasimama pale, bega chini, mguu umelegea. Hawezi kuinua mtu, hawezi kukimbia. Ila anayemkimbilia, ukibonyeza kwa wakati wake, humgeuza kwa uzito wake mwenyewe. Jitu likaja mbio. Nikabonyeza. Likaruka juu ya kamba, likatua nje kwa kichwa.

"Bahati hiyo," Kapteni akasema.

Likarudi, nikaligeuza tena. Likarudi. Kapteni alikuwa hajui kuja namna nyingine, maisha yake yote amefungua milango kwa bega. Mstari wa pumzi wa jitu ukapungua, ukawa mwekundu. Jasho lilimtoka Kapteni puani. Hakuniita dada tena.

"Inuka, mjinga wewe, inuka," alilinong'oneza jitu lake.

Halikuinuka. Lililala katikati ya ulingo, mikono imetandazwa. Kitufe kimoja tu. Tayari nilikuwa naiona njia yetu ya vumbi, mafundi cherehani barazani wakiacha kushona, na Kapteni akipita mbele yao, mguu mmoja anauburuta. Nilitaka achechemee taratibu.

"Aaa, nimewahi!" Baba alikuwa mlangoni na sinia. Akaliweka juu ya kochi, akajifuta viganja kwenye shati, akanyoosha mkono. "Lete, mama."

Nilimtazama. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

"Mama. Si uliahidi?"

Nikampa pedi.

Hakumlalia mpinzani. Alitaka kwanza kuwasalimia watazamaji. Mzee Geti akageuka, akavua kofia, akaupungia umati upande huu, akazunguka polepole, akaupungia upande ule. Baba naye alikuwa akipunga kwa kofia asiyokuwa nayo. "Mnaniona? Ndiye mimi!"

Nyuma ya mgongo wake jitu likapiga goti moja. Nilimgeukia Kapteni. Alikuwa ameniona nikimwona. Angeweza kuiweka pedi chini. Akaikaza mikononi.

Jitu likasimama, likamshika Mzee Geti kiunoni, likambwaga, likamlalia.

"Eh! Eh! Huyu katokea wapi? Kipi cha kujinasua, mama?" Baba alibonyeza huku na huku, akitabasamu bado. "Usiniambie, usiniambie! Huu mwisho ni wangu, naupata mwenyewe."

Refa akapiga sakafu mara ya kwanza. Pedi ilikuwa karibu nami kiasi cha kuipokonya bila hata kunyanyuka.

Akapiga ya pili. Nikaikalia mikono yangu.