Koti la Edmond

Julie hakupaswa kujua. Simu ile ilikuwa ya Adèle, na kama jino lisingemvimbisha Adèle shavu asubuhi ile, mambo yangekwenda kama wakubwa walivyopanga. Lakini Julie ndiye aliyeingia kwenye kibanda cha simu pale Guangzhou kumpigia Kasonia, mtu wa kwao Butembo aliyekaa Kampala na kuwapokelea wafanyabiashara mizigo na habari za nyumbani. Sauti ilikuwa inakatika. Kasonia, mtu wa haraka tangu kuzaliwa, hakuuliza anaongea na nani, akadhani ni Adèle, mkubwa wao.

"Yaya Adèle, sikia muzuri. Edmond hatuko naye tena. Balimuua ku njia ya Oicha, alikuwa anaenda kuchukua ba famille benye kukimbia vita. Tulishamuzika. Kanyere hapana kumuambia. Na Julie hapana. Ubafikishe kwanza ku nyumba."

Julie alisema ndiyo, akakata simu, akalipa. Edmond alikuwa mume wa Kanyere, na alikuwa kaka yake Julie, tumbo moja, titi moja.

Kwao msiba hausemwi njiani. Msafiri huachwa afike, akalishwe, apewe maji, ndipo wakubwa wafungue mdomo. Aliyeambiwa ugenini ataangukia wapi, na nani atamshika? Wajuaji wa mjini huicheka desturi hii mpaka siku msiba unapopiga hodi kwao. Julie mwenyewe alikwisha kuwaficha wengine habari za namna hiyo, na akaona kazi yenyewe ni nyepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo walivyosema wahenga, na hawakukosea.

Hawakuweza kurudi mara moja. Vitenge walivyoagiza kwa pamoja, Adèle, Kanyere na yeye, vilikuwa bado kiwandani, na tarehe za ndege zilikwisha kupangwa. Kesho yake jioni Adèle, shavu bado limevimba, alirudi kutoka kuwapigia simu wakubwa wa Butembo wenyewe akiwa na wazo la ajabu. Waende vacances, likizo ya kutembea tu.

"Vacances?" Kanyere aliacha kukunja nguo. Adèle alikuwa amekuja China mara nyingi na hajawahi kununua chakula cha kulia kitini. "Yaya, jino limekupanda mu kichwa?"

"Bitambaa habijaisha," Adèle alisema. "Abigaïl anaenda kwa mama yake, kule Yunnan. Anatuita. Donc twende tuone inchi, kuliko kukaa hapa kuhesabia ukuta."

Abigaïl alikuwa mkalimani wao, binti wa Kichina aliyesoma Kifaransa. Jina hilo walimpa wenyewe, la kwake lilipokataa kukaa mdomoni mwao. Julie alimtazama Adèle akaelewa mara moja. Adèle amekwisha kuambiwa. Anataka kumtoa Kanyere mbali na simu, na anaamini anawaficha wawili. Angeweza kumnong'oneza ukweli. Aliogopa kwamba akifungua mdomo hataweza kuufunga tena, na Kanyere angeangukia kwenye sakafu ya hoteli, kati ya watu wasiojua hata kumwita jina. Basi akaapa moyoni kwamba hatatoa chozi hata moja mpaka Butembo.

Wakapanda treni, kisha basi, milima ikaanza. Nchi ile ilikuwa ya watu wengi. Bonde hili wanavaa hivi na kusema hivi, ukivuka kilima unakuta kilemba kingine na salamu nyingine. Mama yake Abigaïl alikaa kando ya ziwa, katika kijiji cha nyumba nyeupe, na siku ya soko aliwapeleka wote. Wabai wa ziwani walikuwepo, Wayi walioshuka milimani na sketi zao pana, na Waislamu wenye kofia nyeupe wakiuza nyama ya ng'ombe. Kanyere alisimama katikati ya njia akatazama kwa muda mrefu.

"Hawa bote banauzishana tu?" aliuliza. "Na bunduki iko na nani?"

Abigaïl alisema hapakuwa na bunduki. Kila kabila lina malalamiko yake, aliongeza, lakini siku ya soko ni ya soko.

"Edmond angeona hii," Kanyere alisema. "Kwetu hata njia ya shamba inaombewa."

Julie alijifanya anachagua vitunguu.

Mbele kidogo walimkuta mwanamke wa milimani amebeba kikapu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, vilevile kama wanavyobeba akina mama wa Kipese, milimani kwao. Kanyere aliomba kikapu kwa mikono. Akakiinua, akaiweka kamba, akatembea nacho huku na huku, na soko zima likamzunguka. Wale wanawake walimgusa mgongo, wakamshika shingo, wakacheka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Adèle akacheka. Julie naye akacheka, kwa sababu angefanya nini, na kicheko kile kilimuuma kuliko jino lolote.

Hapo ndipo Kanyere alipoliona koti. Lilikuwa zito, rangi ya majivu, lenye manyoya ndani. Edmond alizaliwa Kipese kwenye baridi kali na hakuizoea kamwe, jambo ambalo mkewe alimtania nalo tangu siku ya harusi.

"Julie, vaa nione. Uko na mabega ya kaka yako."

Adèle akatazama pembeni. Julie akavaa. Kanyere akaanza kufunga vifungo, kuanzia chini mpaka shingoni, akalainisha mabega kwa viganja, akarudi nyuma hatua moja.

"Inamuenea," alisema, akaanza kupatana bei.

Walirudi kupitia Entebbe, wakavuka mpaka wa Kasindi, wakafika Beni. Manassé, baba mdogo wa Edmond na Julie, aliwangojea mtaa wa Beu na gari la kuazima. Aliwasalimia akitazama viatu vyao.

"Edmond iko wapi?" Kanyere aliuliza.

"Tufike kwanza, mama."

Kanyere hakuwa mgeni wa maneno hayo. Alikaa kiti cha mbele, mfuko wenye koti mapajani, na hakuuliza tena. Katika kila kizuizi cha askari alitazama mbele tu. Alijua kwamba anapelekwa kuambiwa.

Butembo, uani kwake, moto ulikuwa unawaka mchana na wanawake wamekaa mikekani kimya. Waliketishwa. Waliletewa maji. Manassé akasema. Kanyere akaanguka, na mikono mingi ikamdaka kama ilivyotakiwa. Adèle alimrukia Julie na kumkumbatia, maana alikuwa amejiandaa kwa saa hiyo njia nzima.

Julie hakulia. Alitaka, na machozi hayakuja. Mlango alioushikilia siku zote zile ulikuwa umekwama. Wanawake walimtazama, na mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba huyu ni dada gani, jicho kavu kwa mtoto wa mama yake.

Kanyere alisikia. Aliinua kichwa, sauti imekwisha kukauka.

"Julie. Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu wapi?"

"Guangzhou. Mbele ya kupanda treni."

Adèle akaweka mkono mdomoni.

"Ukaniacha nicheke," Kanyere alisema.

"Nilikuacha."

"Na koti ukavaa."

Uani hapakuwa na aliyesogea, kwa maana hasira ilionekana wazi usoni mwa mjane, na hakuna aliyejua itaangukia wapi. Kanyere aliuvuta mfuko. Akalitoa koti, akaenda nalo kwa magoti juu ya mkeka, akamwekea Julie mabegani na kumwingiza mkono mmoja mmoja kama mtoto. Kisha akaanza kufunga vifungo, kuanzia chini. Ilichukua muda mrefu. Alipofika shingoni alilainisha mabega kwa viganja.

"Inamuenea," alisema.

Ndipo Julie alipolia, akaanguka, na mikono ikatosha kumshika.