Kwaya ya Mtu Mmoja

Mimi ni fundi wa sauti. Nimewarekodi waimbaji wengi, wenye vipaji na wenye majivuno matupu, na nasema bila kupepesa macho: mama yangu mdogo hana mpinzani.

Kazi yetu, mimi na yeye, ni kutia sauti za Kiswahili kwenye filamu za nje. Mwaka mmoja tuliletewa filamu ya Krismasi. Mwishoni mwake kijiji kizima kinatoka nje kwenye theluji kuimba ule wimbo mkongwe ambao hata asiyekanyaga kanisani anaujua. Kila Desemba unapigwa kutwa kucha, na kila Desemba bado unanisisimua mwili. Wenye kituo cha televisheni walitaka kwaya ya watu wanane. Chumba chetu cha kurekodia kinaingia mtu mmoja na kiti chake.

"Basi nitakuwa wote wanane," alisema Mama Mdogo, kama mtu anayejitolea kuosha vyombo.

Kila sauti aliivalia. Alivaa koti la marehemu mumewe, akawa mzee wa sauti nzito. Alivua viatu, akapiga magoti mbali na maikrofoni, akawa mtoto. Alitia pipi shavuni, akawa mama mnene wa mstari wa nyuma anayeimba huku akiwaza chakula. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaunganisha sauti zote nane, nikaacha kucheka. Ilikuwa kwaya kamili, na mimi niliona fahari kuwa ndugu yake.

Kasoro ilikuwa moja. Katika ubeti wa mwisho, watu wote wanane walivuta pumzi mahali pamoja, katikati ya neno, pasipotakiwa kabisa.

"Naifuta," nilisema.

"Iache. Kwani watu hawapumui?"

Sikubishana, maana nilijua wimbo huo una uzito gani kwake. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa mwalimu wa kwaya asiye na masihara. Miaka thelathini nyuma alimtoa binti yake kwenye kwaya mbele ya wote: "Sauti yako haikai na wenzako." Tangu siku hiyo Mama Mdogo hajaimba mbele ya mama yake, hata wimbo wa kubembeleza mtoto.

"Nataka aisikie bila kujua ni mimi," aliniambia. "Akisema tu ni nzuri, itanitosha. Na wewe, ole wako ufungue mdomo."

Alasiri ya Krismasi tulikuwa sebuleni, sisi watatu. Bibi alikuwa anazichambua kwaya za televisheni moja baada ya nyingine, kama kawaida yake. "Hawa wanapiga kelele. Huyu anaimbia puani." Filamu yetu ilipoanza, Mama Mdogo alichukua nguo za kukunja. Mpaka inakaribia kwisha, alikuwa ameikunja taulo moja mara tano.

Kijiji kikatoka nje. Bibi aliinua kidole tunyamaze. Ubeti wa kwanza hakusema kitu. Wa pili akafumba macho.

"Hii ndiyo kwaya," alisema. "Wanasikilizana. Hakuna anayejitokeza."

Mama Mdogo alijiziba uso kwa taulo. Mimi nilijikaza nisiruke.

Ubeti wa mwisho ukafika, na ile pumzi. Bibi akafumbua macho. Majina ya waigizaji yakaanza kupita.

"Wote wanavuta pumzi palepale," alisema. "Namjua mtu mmoja tu mwenye kosa hilo. Nilimkemea miaka sita."

Mama Mdogo aliishusha taulo usoni.

"Ni wewe, wote hao?"

"Ndiyo, mama."

"Hata yule mzee?"

"Hata yule mzee."

Bibi alichukua rimoti, akazima televisheni.

"Nilikunyang'anya wenzako," alisema, "ukaenda kuwatengeneza mwenyewe. Nisamehe, mwanangu. Njoo hapa, niimbie ule ubeti."

Mama Mdogo aliweka taulo chini, akasimama mbele ya kiti cha mama yake. Alianza kwa sauti ndogo, ikapanda, ikajaa sebule nzima. Alipofika kwenye lile neno, akasita, akamtazama mama yake kama mwanafunzi.

"Vuta tu," alisema Bibi. Na kwa sauti yake iliyokwaruza akalishika neno lile, akalibeba peke yake, mpaka mwanawe alipomaliza kuvuta pumzi.