Upande wa Kushoto wa Kufuli

Timu ilipopanda daraja, mji mzima uliota mapembe. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga uwanjani waligeuka mashabiki wa kufa na kuzikana, na fundi viatu wa pale kituo cha mabasi alibandika picha ya kikosi juu ya kibanda chake kana kwamba wachezaji wote amewazaa yeye. Redioni mambo yalikuwa mengine. Wachambuzi walisema safu ya ulinzi ni ya mchangani, washambuliaji wanaishi kwa bahati, na kabla ligi kuu haijafika nusu timu itakuwa imeshafunga virago kurudi ilikotoka. Mchezaji mmoja tu ndiye aliyesifiwa, naye ni golikipa. Huyo, walisema, angeweza kudakia timu yoyote.

Nahodha wa timu, ambaye asubuhi zake alikuwa mchomeleaji wa mageti, aliyasikia hayo akiwa karakana. Lilipofika hilo la golikipa aliizima redio, na mwenzake akamuuliza kulikoni, mbona mtu anasifiwa nduguye halafu ananuna. Nahodha alisema betri zinakwisha.

Golikipa alikuwa kaka yake, tumbo moja, yeye mkubwa na Nahodha mdogo. Mji wote ulimwita Kufuli, na mama yao mzazi naye alishazoea kumwita hivyo. Lakini Nahodha alijua jambo ambalo hakuna mchambuzi aliyelijua: jicho la kushoto la Kufuli lilikuwa limekufa.

Lilianza kama mzaha. Miaka miwili nyuma, mazoezini, mpira uliopigwa kwa karibu ulimpata usoni, akaanguka, wenzake wakacheka, naye akainuka akicheka zaidi yao. Siku chache baadaye Nahodha aliingia chumbani akamkuta kaka yake amesimama mbele ya kioo, ameliziba jicho la kulia kwa kiganja, machozi yanamtiririka kimyakimya. Walikwenda kwa daktari wa mji mwingine, mahali ambapo hawakujulikana. Daktari hakumung'unya maneno. Jicho lile halitarudi, hilo lililobaki litunzwe kama yai, na mpira basi. Njiani kurudi Kufuli alimshika mdogo wake mkono akamwapisha kwamba hilo neno halitatoka mdomoni mwake, si kwa Kocha, si kwa mama, si kwa mtu yeyote.

Basi wakakaa uani na vizibo vya soda wakapanga namna ya kuudanganya ulimwengu. Mpira wowote ukitokea kushoto, Nahodha aache nafasi yake ya katikati aukimbilie yeye. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Kufuli akachagua pembe ya mwisho, ukuta ukiwa upande wake wa kushoto, ili asitokee mtu wa kumshtua. Kufuli alikuwa kinyozi, na kwenye saluni yake akaacha kumzunguka mteja. Akawa anakizungusha kiti, wateja wakadhani ni mtindo mpya wakaupenda. Tuseme ukweli, uongo wao waliufanya vizuri. Waliufanya vizuri mpaka timu ikachukua ubingwa wa daraja la kwanza, na siku ya kombe Kufuli alibebwa juu juu na watu ambao wangempungia mkono upande wa kushoto asingewaona.

Tatizo lilikuwa taa. Daraja la chini mechi zilichezwa jua likiwa bado linawaka. Ligi kuu ilitaka mechi za usiku kwa ajili ya televisheni, na klabu ikafunga taa ndefu uwanjani kwa mbwembwe zote. Mechi ya kwanza ya majaribio chini ya taa hizo, krosi ilitoka kushoto, Nahodha akachelewa hatua moja, na Kufuli akajirusha baada ya mpira kupita. Kiatu cha mshambuliaji kilipita karibu kabisa na jicho lile zima. Watu walipiga makofi wakidhani ni ushujaa. Nahodha aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Wiki hiyohiyo Kocha alimwita ofisini. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya chini, na tangu timu ipande alikuwa hali wala halali kwa kutazama mikanda ya mechi. Alisema kikosi lazima kipunguzwe, kuna wageni wanasajiliwa, na ligi kuu haina huruma. Kisha akamwonyesha mkanda. Mpira unakwenda kushoto, Nahodha anaacha katikati anakimbilia kule. Tena. Na tena.

"Nieleze," Kocha alisema. "Kwa nini?"

Nahodha alikikumbuka kiapo, akakaza macho kwenye mkanda.

"Sikulaumu. Unamfichia mwenzio aibu, na huo ni uungwana. Lakini katikati panabaki wazi, na huko tunakokwenda watatumaliza. Brashi hawezi ligi kuu. Namwacha."

Brashi alikuwa beki wa kushoto. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, mtu wa maneno machache na mapafu ya punda, na katika kikosi kizima, kama Nahodha angeulizwa kwa haki, huyo ndiye aliyekuwa na makosa machache kuliko wote. Maskini wa Mungu, alikuwa anaachwa kwa sababu ya jicho lisilo lake. Na utaratibu wa klabu, tangu enzi za waanzilishi, ni kwamba mchezaji anayeachwa haambiwi na kocha. Anaambiwa na nahodha, ana kwa ana, mahali alipo.

Nahodha alimkuta kwenye darasa tupu la shule ya msingi, madawati yamerundikwa katikati na kufunikwa turubai, yeye yuko juu ya ngazi anapaka dari. Brashi alimtazama mara moja tu, akashuka taratibu, akaanza kujifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Najua kilichokuleta," alisema.

Nahodha alijaribu kusema maneno aliyoyapanga njiani, kuhusu wageni wanaosajiliwa na ugumu wa ligi, na yote yalimtoka yakiwa hayana chumvi. Brashi alitikisa kichwa kama anayemwonea huruma.

"Kila nikigeuka nakukuta umeshafika kwangu. Nikawa najiuliza, kosa langu liko wapi? Nikadhani ni mbio, nikaanza kukimbia alfajiri peke yangu. Nikadhani ni kusimama vibaya, nikabadilisha. Bado unakuja." Alikunja kile kitambaa. "Lakini hujawahi kunifokea mbele ya watu. Mwingine angeshaniumbua. Asante, Nahodha."

Alisema asante. Nahodha alitoka pale bila kuaga sawasawa, na alipofika nyuma ya vyoo vya shule alisimama akaushika ukuta. Alijiona mchafu. Angetukanwa angejua pa kuyaweka matusi, ila asante ile hakujua aipeleke wapi.

Alikwenda moja kwa moja saluni. Mteja wa mwisho alikuwa ametoka, na Kufuli alikuwa anafagia nywele huku akipiga mluzi. Nahodha alifunga mlango akamweleza yote, mkanda wa Kocha, Brashi, ngazi, kitambaa, asante. Kufuli aliacha kupiga mluzi lakini hakuacha kufagia.

"Kamwambie Kocha wewe mwenyewe, kaka. Mimi umeniapisha."

"Msimu mmoja, mdogo wangu. Nimeomba nini? Nimedaka kwenye mashamba ya watu, kwenye mchanga, kwenye matope. Mama ameshawatangazia majirani kwamba atatuona wote wawili ligi kuu. Nikishaicheza naacha."

"Na Brashi?"

"Atapata timu nyingine."

"Na likipigwa hilo jicho lililobaki?"

Kufuli alitabasamu, tabasamu lake lile la kumaliza ugomvi, ambalo tangu utotoni halikuwahi kushindwa. "Si utakuwepo? Wewe upo siku zote."

Aliegemeza ufagio ukutani akavua aproni, ameridhika na kazi yake. Kulia kwa kiti palikuwa safi. Kushoto, lundo la nywele lilikuwa palepale, halijaguswa. Nahodha alilitazama, akachukua ufagio akalizoa mwenyewe, na kaka yake hakujua anazoa nini.

Siku ya jezi ilifika. Klabu ile haigawi jezi kwa kupeana mikono kama kwingine. Nahodha hubeba boksi, huzunguka chumba, na humrushia kila mchezaji jezi yake bila kumwita wala kumpa ishara, kutoka popote aliposimama. Aliye macho hudaka. Anayeiangusha hutaniwa msimu mzima. Golikipa hurushiwa wa mwisho, kwa heshima, na huyo kuiangusha ilikuwa haijawahi kutokea. Miaka miwili mfululizo Nahodha alikuwa amemrushia kaka yake kutokea kulia, taratibu, na watu hawakuona ajabu.

Mwaka huu chumba kilikuwa kimekarabatiwa kwa masharti ya ligi. Rangi mpya, feni mpya, na ile pembe ya Kufuli ilikuwa imetobolewa mlango wa kwendea bafuni. Kufuli alikaa palepale alipozoea, ila kushoto kwake sasa hapakuwa na ukuta. Kocha alisimama karibu na ubao. Walioachwa walikuja pia kupiga makofi, ndiyo adabu ya klabu, na Brashi alikuwa miongoni mwao, kucha zake zina rangi nyeupe.

Nahodha alirusha jezi moja baada ya nyingine. Vicheko vilijaa. Mshambuliaji mmoja mgeni aliangusha yake akabatizwa Sabuni papo hapo. Ikabaki jezi ya mwisho. Nahodha alizunguka nyuma ya benchi, akapita polepole, akasimama kwenye ule mlango mpya. Kaka yake alikuwa ameelekeza uso katikati ya chumba, mikono tayari, anamsubiri kutokea kulia. Nahodha alimtazama shavu, sikio, zile ndevu alizozinyoa vibaya upande huu tu. Alikuwa ameapa kwa mdomo, na mdomo aliufumba.

Akarusha.

Aliirusha kama anayemrushia mtoto, juu na laini. Jezi ilimpiga Kufuli begani, ikaanguka sakafuni. Chumba kililipuka kwa kicheko, maana Kufuli alijulikana kwa utani, na wakadhani anawachezea. Kufuli naye alicheka, lakini mikono yake ilikuwa imeganda. Nahodha akaokota glavu kwenye boksi, akarusha tena kutoka palepale. Ilimpiga sikioni.

Hapo kicheko kilianza kukatika, huku mmoja, kule mwingine. Kocha alitoka ubaoni, akaja akasimama kushoto kwa Kufuli, akanyoosha kiganja karibu na uso wake. Kufuli hakupepesa. Kocha akageuka, akamtazama Nahodha, kisha Brashi, kisha Nahodha tena, na kila mtu aliona anavyoirudia ile mikanda yote kichwani.

Kufuli aliinama kuitafuta jezi. Mkono wake ulipapasa sakafu, ukaipita, ukarudi, ukaipita tena. Brashi ndiye aliyetoka alipokuwa amesimama, akaiokota, akamwekea mkononi.

"Brashi hana kosa," Kufuli alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Mdogo wangu alikuwa anakimbilia kule kwa ajili yangu. Nimewakosea."

Aliikunja jezi vizuri, mikono ndani, akaiweka kwenye benchi. Alipokuwa anatoka alimpita Nahodha kwa upande ule wa kushoto, bila kugeuza shingo. Nahodha hakujua kama hakumwona au alimwona akapita. Mpaka leo hajui. Nyumbani mezani Kufuli alihama kiti, akakaa pale ambapo mdogo wake anabaki upande wa giza, na mama akiuliza wana nini, wote wawili wanasema hakuna kitu.

Mechi ya ufunguzi ilichezwa chini ya taa. Mama alikuja uwanjani peke yake, akaweka mkoba kwenye kiti cha pembeni kama aliyemshikia mtu nafasi. Golini alisimama kipa mgeni, mzuri tu, mwenye kelele. Wapinzani walianza kwa kasi, na mpira wa kwanza mrefu ulikwenda kushoto. Miguu ya Nahodha haikumuuliza. Iliacha katikati ikakimbilia kule, kama ilivyozoea, roho juu, macho yanatafuta bega la kaka yake.

Brashi alikuwa ameshafika. Aliutuliza mpira, akautoa, akamgeukia.

"Rudi katikati, Nahodha," alisema taratibu. "Huku nipo mimi."

Nahodha alirudi. Watazamaji walipiga makofi, mechi ikaendelea, naye akawa anajifuta jasho machoni kila mara, ingawa walikuwa hawajacheza hata dakika kumi.