Maji Mchana wa Ramadhani

Nina mdomo, sikatai. Mama yangu alinionya tangu ningali mwari kwamba mdomo huu utaniponza. Haukuniponza mimi. Ulimponza mume wangu.

Mwaka 1959 Ramadhani iliingia mwezi wa Machi, jua kali na upepo umekufa kabisa. Mume wangu, Borafya, alikuwa hamali bandarini Malindi, Unguja. Yeye na mwenzake, Mcha, walikuwa na rikwama lao, Borafya akivuta mbele na Mcha akisukuma nyuma, wakichukua magunia ya mchele na sukari kutoka gatini mpaka maghalani. Tulipanga chumba Ng'ambo, nyumba ya wapangaji watano wenye ua mmoja na choo kimoja. Humo ndani hata ukipiga chafya unaombewa dua na vyumba vinne.

Siku ya nane ya mfungo Borafya aliamka na homa, hakwenda kazini. Adhuhuri nikatoka jikoni nikamkuta kauinamia mtungi, kata iko mdomoni. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Na mimi nilijua kwamba anaumwa, maana asubuhi ile ile nilimkanda paji la uso kwa kitambaa cha maji. Lakini wanawake wenzangu walikuwa wamekaa uani wakipepeta mchele, na mimi nilipenda sana kuchekewa.

"Kobe!" nikapiga ukelele. "Jamani njooni muone, kumbe nnafuga kobe ndani!"

Kobe kwetu ndiye anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. Ua mzima ukaangua kicheko. Bi Kidawa, jirani yetu wa chumba cha pili, alicheka mpaka akashika ukuta. Borafya akairudisha kata juu ya mtungi, maji hajayamaliza, akaingia ndani. Mungu alimruhusu maji yale, mimi nikamkataza.

Ng'ambo habari haina miguu lakini inafika. Kesho yake mahamali wenziwe walimpokea kwa jina hilo hilo. Mcha ndiye aliyenieleza baadaye. Homa haijamtoka, Borafya akasema leo amefunga, na rikwama atalivuta peke yake, anayetaka kuona na aone. Akalivuta tangu asubuhi mpaka alasiri, safari baada ya safari, lami inanata miguuni. Mcha akamvuta pembeni akamsihi.

"Kunywa maji, ndugu yangu. Mie sisemi kwa mtu."

"Weye husemi," Borafya akamjibu. "Wapo wanaosema."

Magharibi alirudi akishika kuta. Mapaja yalikuwa yamevimba na kukaza kama mbao, nikiyagusa tu anapiga kelele. Alifuturu kwa maji na tende moja, akatapika vyote viwili. Choo kilimshinda kuchutama, nikampa kopo. Alichokojoa kilikuwa cheusi, rangi ya kahawa. Nikamwonesha Bi Kidawa.

"Kichocho hicho!" akasema. "Mumeo si mtu wa Mwera? Wote hao wamekulia mtoni."

Borafya mwenyewe akaitikia kitandani, "Nnacho tangu mdogo." Na ni kweli, aliwahi kunihadithia kwamba utotoni walikuwa wakishindana nani anakojoa nyekundu zaidi. Basi tukatulia. Kichocho ni chekundu, na hiki kilikuwa cheusi. Nilikiona, sina upofu. Lakini ukiwa na kosa moyoni unashukuru kupewa jina jepesi la kulifunikia.

Nikamkanda mapaja kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Kesho yake kopo lilibaki kavu. Kesho kutwa kavu vile vile, na uso ukaanza kuvimba macho yakawa hayafunguki vizuri. Mcha akaja kumtazama. Alimbeba, akamlaza juu ya rikwama lao wenyewe, akamsukuma mpaka hospitali.

Daktari alimbonyeza mapaja, akauliza habari ya mkojo, akauliza habari ya kazi na maji. Kisha muuguzi, Bi Nunu, akanieleza taratibu. Nyama za mapaja zimekufa, kwa homa na kiu na ule mzigo. Zikifa zinamwaga uchafu wake ndani ya damu, na uchafu ule ndio uliotoka mweusi, na ndio ulioziba figo.

"Angelikunywa maji siku ile, na angeliletwa siku ile..." Bi Nunu akasema.

Na sasa maji yenyewe yalikuwa sumu. Hayakuwa na njia ya kutokea, yangemjaa mapafuni. Alipewa kikombe kimoja kwa kutwa, na moyo wake ungeweza kusimama saa yoyote.

Nilikaa chini, kando ya kile kitanda, nikitaka kitu kimoja tu, radhi yake. Mke anayefiwa na mume aliyemkosea hana wa kumwomba tena. Mungu husamehe yake, ya waja huwaachia waja. Miaka tisa ya ndoa sikuwahi kumwomba samahani kwa lolote. Siku ya kwanza alilala tu. Siku ya pili alizungumza na mamake, ambaye amekufa zamani, nami nikaogopa kumkatiza.

Siku ya tatu asubuhi Bi Nunu akanipa kikombe. "Kazindukana," akasema. "Mnyweshe, na kama una neno, mwambie."

Borafya alifumbua macho. Midomo ilikuwa imepasuka. Akanitazama, akakitazama kikombe, akawatazama wagonjwa wa vitanda vya jirani.

"Bwana, nilikukosea," nikasema. "Niwie radhi."

Akanishika mkono, akasema kwa adabu, vile mtu anavyosema na mgeni, "Bibi, hebu vuta pazia kwanza. Mke wangu asije akaniona."

Nikavuta pazia. Akanywa upesi upesi, mengine yakimwagika kifuani.

"Usimwambie," akasema.

Nikamjibu kwamba sitamwambia. Alikata roho kabla ya adhuhuri.