Shuka Lenye Maandishi Mekundu

Kila asubuhi Mama Mdogo, aliyekuwa akifulia nyumba ya wageni, alianza na mashuka makubwa. Yeye alishika ncha mbili, binti wa mumewe akashika mbili, wakalikung'uta shuka kwa pigo moja kisha wakalirusha juu ya kamba. Foronya zilifuata, taulo mwisho. Hawakuongea, maana kila mmoja alikuwa amebana kibanio mdomoni. Binti aliipenda kazi hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Mtu mwenye kibanio mdomoni haulizwi kitu.

Asubuhi moja, wakiwa katikati ya kamba ya pili, mwanaume mwenye ovaroli aliingia uani na kopo la rangi nyekundu. Hata hodi hakupiga. Akaupima kwa macho ukuta wa ubavuni, ule unaoonekana toka barabarani, akachovya brashi, akaanza kuandika.

Mama Mdogo akatoa kibanio mdomoni.

"Kaka, nani kakutuma?"

"Dalali, mama. Naye katumwa na benki. Mimi mkono tu."

"Haya. Basi mkono huo uwe mwepesi, rangi isirukie nguo za watu." Akaenda ndani, akarudi na kigoda. "Pandia hiki. Herufi zako zinateremka mlima."

Yule mwandishi akapanda kigoda kwa aibu, akamaliza: NYUMBA HII INAUZWA. Alipoondoka aliaga mara mbili.

Binti alijua kisa chote. Baba yake aliweka kiwanja rehani ili anunue lori. Lori likabeba mzigo mwaka mmoja, wa pili likapinduka, na tangu hapo Baba akawa mtu wa kukaa chumbani na kuitazama dari. Benki ilikumbusha, ikaonya, ikasubiri. Sasa ilikuwa na haki ya kupiga mnada kiwanja chote, nyumba ya mbele pamoja na uwanja wa nyuma wenye kamba zilizokuwa zikiwalisha. Binti alitaka kumwambia Mama Mdogo neno lolote la kumtia moyo.

"Foronya zimebaki tatu," akasema.

Mchana upepo ukavuma. Shuka moja la nyumba ya wageni likachomoka kwenye kamba, likajibandika ukutani juu ya rangi mbichi. Walipolibandua, tangazo lote lilikuwa limehamia kwenye shuka, herufi zikitazama nyuma.

Jioni akaja Baba Mkubwa, kaka yake Baba, mtu mwenye jibu la kila kitu, hasa mambo ambayo hajaulizwa.

"Shemeji, tumepona," akasema, hata kabla hajakaa. "Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mke kukubali. Wewe kawaambie hukukubali. Sema uliambiwa ni karatasi za chanjo. Mnada utasimama, kesi itazunguka mpaka wachoke wenyewe."

"Lakini nilikubali, shemeji. Nilienda mpaka benki na gauni langu la harusi za watu."

"Gauni haliongei mahakamani."

"Mwenye gauni anaongea."

"Utalala nje kwa ajili ya ukweli?"

"Nitalala nje, lakini nitalala."

Baba Mkubwa akamgeukia mdogo wake apate msaada. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alitaka kusema, uko sawa, niko upande wako.

"Taulo bado mbichi," akasema.

Asubuhi iliyofuata walipeleka nguo kwa Bi Funguo, mwenye nyumba ya wageni, aliyeitwa hivyo kwa lile rundo la funguo lililokuwa likimlilia kiunoni. Njiani binti alinong'ona kwamba shuka lile lingeweza kutiwa dawa ya madoa, na likigoma waseme limepotea.

"Alinipa shuka," Mama Mdogo alisema. "Nitamrudishia shuka, na hali yake."

Alilitoa la kwanza kabisa, juu ya nguo zote safi. Bi Funguo akalisogeza dirishani. Kwa upande wa pili, mwanga ukipenya kitambaani, maneno yalisomeka vizuri kabisa. Akacheka mpaka funguo zikatikisika.

"Jamani, sasa mnanitangazia biashara kitandani?"

Mama Mdogo akamweleza yote bila kupamba, akamaliza kwa kusema atamnunulia shuka jipya. Bi Funguo alikuwa ameacha kucheka.

"Waliotangulia kunifulia waliniambia panya kala, mwizi kapita. Panya wa mtaa huu wangekuwa wamevaa suti." Akakunja shuka taratibu. "Hiyo nyumba inatazama barabara? Natafuta ya pili ya wageni."

"Inatazama. Lakini nikiweza kuchagua, nitakuuzia ya mbele tu. Uwanja wa nyuma una jua langu."

Siku ya kwenda benki wote, pamoja na Bi Funguo, walivaa nguo za pasi. Afisa mikopo, kijana mwenye tai iliyombana, alifungua kinywa, lakini Baba Mkubwa akamtangulia.

"Mke hakujua lolote. Na binti huyu ni shahidi."

Macho yote yakamgeukia binti. Mama Mdogo akamwekea mkono gotini, mkono mkavu wenye harufu ya sabuni, akaongea yeye.

"Nilijua. Nilisaini mimi mwenyewe, na mliposema mtauza tukishindwa, nilisikia. Haki yenu siibishii. Naomba kitu kimoja tu. Mnadani kiwanja kitakwenda kwa bei ya kutupa, ninyi msipate chenu chote na sisi tubaki hatuna pa kuanika hata leso. Mnunuzi huyu hapa. Achukue sehemu ya mbele kwa bei ya haki, deni liishe, sehemu ya nyuma mtuachie."

Afisa alimtazama Bi Funguo, akazitazama funguo, akalegeza tai.

"Mama, watu huja hapa kulia au kututukana," akasema. "Ngoja nikamwite mkubwa wangu."

Mkubwa akaja, akauliza maswali mengi, akakubali. Mnada ukafutwa, na kiwanja kikagawanywa. Baba mwenyewe, bila kuitwa, alitoka chumbani na kuanza kusafisha stoo mbili za nyuma ili familia ihamie. Baba Mkubwa akatangaza mtaani kwamba ni yeye aliyetoa wazo.

Asubuhi ya kwanza kule nyuma jua lilikuwa lile lile. Shuka lenye maandishi lilikuwa juu ya kapu. Bi Funguo alikuwa amekataa kabisa kulipwa, akawaachia. Mama Mdogo alishika ncha mbili, binti akashika mbili, wakasimama, shuka likiwa limenyooka kati yao.

Binti hakulikung'uta. Akatoa kibanio mdomoni.

"Nini tena?" Mama Mdogo akauliza. "Doa?"

"Si doa. Siku ile benki nilitaka nisimame niwaambie watu wote kwamba mama huyu ni wetu. Nakuonea fahari, Mama Mdogo. Siku zote nakuonea fahari, ila mdomo wangu ndio hauniletei maneno."